Kamusi na Maneno Madogo ya Kiingereza

Twataka kusema machache juu ya kamusi, kwa kuwa hapa Pemba tumeona hasara iliyoletwa na maneno mawili tu. Jirani yetu alipata barua ya Kiingereza kwa mnunuzi wa mwani, yasema ununuzi umekuwa "put off", na barua nyingine itafuata. Kijana wake akafungua kijitabu cha maneno, akaona "put" ni weka, na "off" ni mbali. Akasema, "Baba, wametuweka mbali, hawaununui tena." Mzee akamwuzia mchuuzi mwani wote kwa nusu ya bei. Juma la pili mnunuzi akafika, akakuta ghala tupu. Kumbe maana yake ilikuwa kuahirisha.

Je, kosa ni la nani? Wengi walimlaumu kijana. Sisi twaona vitabu navyo vina sehemu yao. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya A. C. Madan ilitoka mwaka 1894, na juu ya msingi wake ilijengwa ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Ni kazi kubwa, nasi twaiheshimu. Lakini ilimfaa zaidi Mwingereza atakaye kusema Kiswahili, ambaye maana ya neno lake aijua tangu utoto. Sisi twaijia kwa mlango wa pili: twakuta maneno ya Kiswahili yamepangwa safu moja, wala hatujui lipi la kushika. Kamusi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1996, ilimkumbuka zaidi msomaji Mswahili, na hiyo twaisifu.

Lakini hata kamusi njema haimfai amwulizaye neno mojamoja. Tazama neno "look", yaani kutazama. Likifuatwa na "for" ni kutafuta. Na "after" ni kutunza. Na "into" ni kuchunguza. Na "down on" ni kudharau. Neno dogo limegeuza kazi yote, kama usukani mdogo ugeuzavyo jahazi. Kadhalika "give up" si kutoa juu, ni kukata tamaa.

Wala tusiwacheke Waingereza. Sisi twapiga magoti, twapiga pasi, twapiga chapa, na hapana aliyeumizwa. Mtu akikata roho, hatutafuti kisu. Tena twafunga mlango na kuufungua, na tofauti yote imo katika mkia wa neno. Wao mkia huo wameutenga, wakauandika peke yake. Ndiyo sababu macho yetu yaukosa.

Basi twawaomba waalimu wenzetu: msiwape watoto orodha za maneno yaliyo pekee. Mpeni mtoto kitenzi pamoja na neno lake dogo, ndani ya sentensi nzima, alitumie kwa kinywa chake. Nawe mzazi, mwanao akikusomea barua ya Kiingereza, mwambie aisome mpaka mwisho, kisha amwulize mtu wa pili kabla hujauza kitu. Kuuliza si ujinga. Jirani yetu sasa auliza mara mbili.