Koti la Waa na Herufi Tatu

Koti lilikuwa limetundikwa kwenye kibanda cha mitumba pale Waa, kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga: buluu iliyokoza, na begani beji yenye herufi tatu, 消防団. Waliosimama hapo walikwishaamua kuwa ni la jeshi la China, na kijana wa bodaboda aliyelitamani akaanza kusita, kwa kuwa nguo ya kijeshi huku humtia mvaaji mashakani na polisi.

Dhana yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Oktoba 2010 Peace Ark, meli ya hospitali ya wanamaji wa China, ilitia nanga Mombasa. Na manowari za China, Japani na Korea Kusini zimekuwa zikilinda meli Ghuba ya Aden tangu miaka ya 2008 na 2009. Penye mabaharia, beji hazikosi kupita mkono kwa mkono.

Ila herufi za Kichina si za Mchina peke yake, kama alifu na be zisivyo za Mwarabu peke yake. Aliyewahi kushika barua za wazee wetu wa pwani anajua: ukikuta پ au چ, hicho si Kiarabu, ni Kiajemi, Kiurdu, au Kiswahili chenyewe. Beji nayo husomwa hivyo. Unatafuta herufi inayomtaja mwenyewe.

Korea huondolewa kwanza, maana hati yake imejaa viduara na vijistari vilivyonyooka. Hapa hapakuwa na kiduara. Hati laini ya Kijapani je, の kwa mfano, iliyojikunja kama ndoana? Haikuwamo. Zikabaki herufi za Kichina tupu, na hapo wengi huikabidhi simu kazi. Simu itakupa maana. Asili haikupi.

Asili imefichwa na marekebisho ya hati. Japani ilirahisisha baadhi ya herufi zake 1946. China ikarahisisha kwa njia yake kuanzia 1956. Taiwan ikabaki na za zamani. Herufi ya mwisho ya beji yetu ni shahidi mzuri ajabu: Taiwan huiandika 團, China 团, Japani 団. Chungulia ndani ya kisanduku. Cha China kina mkato wa mshazari. Cha Japani kina nukta. Tuliigeuza beji kwenye mwanga, na nukta ilikuwapo, imeshonwa vizuri.

Basi ni Japani. Lakini jeshi? Herufi hiyohiyo ndiyo inayopoteza watu, kwa sababu nchini China ni rejimenti, na nchini Japani huingia katika neno la divisheni. Ila tangu 1954 askari wa Japani huitwa Vikosi vya Kujihami, 自衛隊, na hizo ndizo herufi za kutafuta begani. Za kwetu zilianza na 消防, kuzima moto. Tatu kwa pamoja ni kikosi cha zimamoto wa kujitolea: fundi, mkulima, muuza duka, wanaoacha shughuli zao mtaani kukiwaka.

Kijana alilipa, akalivaa palepale. Juu ya beji palikuwa na mstari wa matundu madogo ya sindano: jina la mji lilikuwa limefumuliwa kabla koti halijaingia kwenye beli.