Ufundi Uliomo Katika Kiungo

Chuo kikuu kinachotaka kujua watafiti wake wamefanya nini huishia kuwa na mfumo wa taarifa za utafiti: nani yuko idara gani, mradi upi umefadhiliwa na nani, makala ipi imetokana na mradi upi. Mfumo ukikaa peke yake hauna neno. Kazi huanza pale mfadhili anapotaka taarifa hizo, au wizara, au chuo kingine chenye mfumo uliojengwa na watu wengine kwa fikra nyingine. Hapo huitwa fundi wa kukaa mbele ya jedwali. Kushoto kuna sehemu za mfumo wa kwanza, kulia za mfumo wa pili, naye anaamua mstari kwa mstari kipi ndicho kipi. Haimpi mtu umaarufu kazi hii. Nimewatazama wanaoifanya, na nakiri kwamba subira yao inanishangaza kuliko programu nyingi zinazopigiwa debe.

Njia ya mkato ipo. Dublin Core, ambayo chimbuko lake ni mkutano wa mwaka 1995 mjini Dublin, Ohio, Marekani, ina vipengele 15 vya msingi: kichwa, mwandishi, tarehe na kadhalika. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinavyohifadhi machapisho kwa programu ya DSpace vinaifahamu vizuri. Ni nyepesi, na kila mfumo unaielewa. Lakini mwandishi humo ni maandishi matupu. Asha Juma Hamisi leo ataandikwa “Hamisi, A. J.”, kesho “Asha Juma”, na mashine itahesabu watu wawili. Fomu inayodai jina la ukoo haijui kwamba Hamisi ni babu yake.

Wazungu wa CERIF, muundo wa Ulaya wa taarifa za utafiti, walianza na kosa la namna hiyohiyo. Toleo la kwanza la mwaka 1991, lililopendekezwa kwa nchi za Jumuiya ya Ulaya, liliutazama mradi kama rekodi moja iliyobeba kila kitu. Halikutosha. Toleo la mwaka 2000 lilifumua yote na kusuka upya, na mwaka 2002 ulezi wake ukakabidhiwa jumuiya ya euroCRIS. Walichokifanya ni hiki: mtu akabaki mtu, taasisi ikabaki taasisi, mradi ukabaki mradi, na uhusiano baina yao ukapewa rekodi yake wenyewe, iitwayo kiungo, yenye aina ya uhusiano, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ndoa haimo ndani ya mume wala ndani ya mke. Ina siku yake na masharti yake, na inaweza kuvunjika wote wawili wakiwa hai. Ukiiandika kama sifa ya mume, siku akioa tena utaifuta ya kwanza.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mhadhiri aliyehama chuo. Mfumo unaoandika taasisi kama sifa yake hubadilisha jina la chuo, na makala zake zote za zamani huhama naye kimyakimya. Katika CERIF huongezwa kiungo kipya, cha zamani hufungwa tarehe, na makala ya mwaka 2016 hubaki ilipozaliwa.

Upande wa Marekani, mfumo wa VIVO uliokulia Chuo Kikuu cha Cornell ulifika karibu palepale kwa njia nyingine. Wajenzi wake hawakujenga majedwali. Walijenga ontolojia, yaani kila kauli ni sentensi fupi ya vitu viwili na uhusiano wao. Lakini nao waligundua kwamba sentensi moja haitoshi kusema mtu alishika nafasi gani, wapi na lini, wakaweka katikati kitu kinachoitwa nafasi, chenye kipindi chake. Uandishi wa makala nao ukapewa kitu chake, chenye namba ya mpangilio wa waandishi. Kwa fundi hii ni neema: kiungo cha CERIF na kitu cha katikati cha VIVO vinaweza kutazamana.

Kutazamana, si kufanana. Katika CERIF aina ya uhusiano ni data: imewekwa katika orodha ya pembeni, na chuo kinaweza kuongeza aina yake bila kugusa muundo. Katika VIVO aina ni tabaka ndani ya ontolojia. Chuo kikibuni cheo ambacho ontolojia haikijui, mvivu atakitupa, na mwenye haraka atakilazimisha kuwa profesa. Fundi mzuri hukiweka chini ya tabaka la jumla la nafasi, kisha hutunza jina lake la asili kama lebo. Hasemi zaidi ya anachojua.

Kuna mtego ninaoupenda zaidi. Viungo vya CERIF vinadai tarehe zote mbili, kwa hiyo asiyezijua kwa desturi huandika tarehe 1 Januari 1900 kama mwanzo na tarehe 31 Desemba 2099 kama mwisho. Zikihamishwa zilivyo, VIVO itatangaza profesa aliyeajiriwa kabla babu yake hajazaliwa. Fundi anatakiwa kutambua kwamba 1900 hapo maana yake ni “sijui”, na upande wa pili “sijui” huandikwa kwa kutoandika chochote. Mstari mmoja tu wa programu, lakini huwezi kuuandika kama hujasoma data yenyewe.

Vichwa vya machapisho navyo vina heshima yao. CERIF huvitenga na chapisho, kila kimoja na lugha yake na alama inayosema kama ni cha asili, kimetafsiriwa na mtu, au na mashine. Tasnifu ya Kiswahili yenye kichwa cha pili cha Kiingereza inajulikana kipi ni mama. Ukiipeleka katika mfumo wenye nafasi ya kichwa kimoja, lazima uchague, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachoachwa mlangoni.

Majina yamepata dawa afadhali. ORCID, iliyozinduliwa Oktoba 2012, humpa mtafiti namba ya tarakimu 16, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 15 ili kunasa makosa ya uandishi. Wakati mwingine huwa herufi X. Rekodi yao ya mfano ni ya Josiah Carberry, profesa wa kubuni wa Chuo Kikuu cha Brown anayetaniwa tangu mwaka 1929. Hajawahi kuishi, lakini namba anayo.

Kuhusu lugha ya kati, hesabu ni fupi: mifumo kumi ikitafsiriana moja kwa moja inahitaji njia 90, ikipitia muundo mmoja wa kati inahitaji 20. Hilo halibishaniwi. Ubishi unabaki kwenye jaribio la kwenda na kurudi: chukua rekodi, ipeleke upande wa pili, irudishe, uilinganishe na ile uliyoanza nayo. Hairudi nzima. Mafundi niliowaona hawafichi pengo hilo. Jedwali lao lina safu ya tatu, ya maelezo, ambamo wameandika kwa maneno ya kawaida ni nini kimekosa pa kukaa, na kimehifadhiwa wapi hadi mfumo wa pili utakapokuwa na nafasi yake.