Mbegu ya Usambara, jani la Los Angeles

Mbegu za Saintpaulia, lile ua la misitu ya Usambara, ukizimwaga kwenye karatasi nyeupe utadhani ni ugoro. Usipige chafya. Vumbi hilo ndilo lililoonyesha ufundi wa ukoo wa Benary wa Erfurt, Ujerumani. Jani la ua hilohilo ndilo lililowaponyoka.

Ernst Benary alianzisha kitalu mwaka 1843. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga, alipompelekea baba yake ua hilo, Benary walikuwa na karibu nusu karne wakicheza na mbegu. Kwa baba huyo likafika kwa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, ambaye mwaka 1893 akalipa jina, na mbegu zikaingia sokoni kupitia Erfurt. Mzee Ernst alifariki mwaka huohuo. Kazi ikabaki kwa wanawe.

Mbegu hii haifukiwi, hutaka mwanga. Huatikwa juujuu, ikafunikwa kioo, maji yakanywewa kutoka chini, maana tone zito likitua juu hulaza miche yote. Kwa muuza mbegu ni mali safi: fundi anaiweza, mteja inamshinda. Tena miche haifanani na mama yake, kwa hiyo anayetaka rangi ileile hana budi kurudi dukani.

Au amwombe jirani jani. Miaka ya 1920 kitalu cha Armacost and Royston, Los Angeles, kilinunua mbegu Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche kama elfu moja na kuchagua 10. Hiyo 10 haikuzidishwa kwa mbegu, bali kwa jani. Kata jani na kikonyo chake, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, subiri miezi miwili au zaidi: vitoto huchungulia pale kilipokatwa kikonyo, vyote sura ya mama. Ua likawa la kuombana dirishani, kama chumvi.

Benary walikuwa na kinga yao mahali pengine. Mwaka 1909 walitoa begonia chotara. Mkulima wa mahindi anaijua hesabu hii: ukipanda mbegu ya shambani mwako, msimu wa pili unavuna vurugu. Wazazi wawili wa chotara hawatoki nyumbani kwa mwenye nao.

Baada ya vita kuu ya pili kitalu cha Erfurt kilitaifishwa, ukoo ukaanza upya Hann. Münden, upande wa magharibi. Hadi leo wanauza begonia, na mbegu zake nazo ni ugoro mtupu.