Kifuniko na Kilichomo: Kasha la Bizari na Mtete wa Kimakonde

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii yampasa kila ahukumuye ufundi wa vyombo vidogo vya mbao, kwani aghalabu watazamaji husifu nakshi za nje wakasahau kuwa chombo kilichongwa ili kitiwe kitu. Kosa hilo hudhihirika katika vyombo viwili vya asili mbalimbali: kasha la bizari la nyumba za Kihindi, na mtete wa Wamakonde wa nyanda za juu za Newala na za Mueda, ambao mto Ruvuma hupita kati yao.

Kuvilinganisha si jambo la kubahatisha. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao wenye asili ya Kutch na Gujarat, walikaa katika bandari za pwani hii, Mikindani ikiwa mojawapo, na bidhaa za bara ziliteremka huko. Hata jina la Kiswahili la kasha la bizari lina historia ya bahari: "kasha" latokana na Kireno, na "bizari" na Kiarabu. Hivyo chombo cha Kihindi chaitwa kwa maneno mawili yasiyo ya Kihindi.

Kasha hilo la kale huchongwa kwa msaji au mti mwingine mgumu. Ndani limegawanywa vyumba vidogo vya manjano, giligilani, haradali, uwatu na kadhalika. Juu yake kuna kifuniko, ambacho pengine huzunguka kwenye kijiti. Nakshi zake ni maua na maumbo yanayorudiwarudiwa kwa kipimo. Mtete ni mdogo zaidi: ni kikopo cha ugoro, dawa au baruti, na kizibo chake mara nyingi ni kichwa cha mtu chenye chale usoni, au umbo la mnyama. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizuru Newala mwaka 1906 akikusanya vyombo vya watu wa huko. Tangu zama hizo kazi nyingi za Kimakonde zimekaa kimya ndani ya makabati ya kioo huko Ulaya.

Mtazamaji wa haraka atasema kuwa mtete umeushinda ufundi wa kasha, kwa kuwa una uso. Hukumu hiyo si ya haki. Kasha ni mali ya nyumba nzima: hufunguliwa na kila apikaye, na mkono wake hujua chumba cha manjano bila kuuliza. Kwa hiyo maua yasiyo ya mtu fulani yalifaa, na utaratibu wa nje watangulia kusimulia utaratibu wa ndani. Mtete huchukuliwa na mwenyewe. Atakaye ugoro au dawa hana budi kumshika yule mtu kichwani. Uso ule ni kama bawabu. Basi kila fundi alichonga palepale mkono utakapogusa, akapatanisha pambo na desturi ya matumizi. Kifuniko kisichofunga sawasawa ni kazi mbovu, hata kiwe na uso mzuri namna gani.

Walakini si vema kudai kuwa sanaa hufa itokapo jikoni au mfukoni. Katika miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde waliokuwa Dar es Salaam, Samaki Likankoa miongoni mwao, walichonga mpingo kwa ajili ya wanunuzi, na Mohamed Peera, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, aliwapa moyo. Hapo umbo la mtu halikuhitaji chombo cha kuziba. Lilisimama peke yake, nalo lastahili kipimo kingine. Kosa ni kuupima mtete kwa kipimo cha sanamu.

Siku hizi kopo la chuma lenye vikombe vidogo limechukua mahali pa kasha katika majiko mengi, na kasha limekuwa kitu cha kale cha kuuzwa. Muuzaji hulisugua na kulipaka mafuta ling'ae. Lakini lile doa la manjano lililozama katika mbao ndilo ushahidi wa mikono iliyolifungua. Alifutaye amebakiza mlango, akaibomoa nyumba.