Tope Chini ya Sahani

Ushauri unaozunguka kwenye simu za watu kuhusu usafi wa mashine ya kufulia ni mmoja: mimina siki, washa, subiri, suuza. Kwa nyumba ya London, au hata ya Unguja inayotumia maji ya kisima, ushauri huo una mantiki. Kwa nyumba ya Ipuli, ndani ya Manispaa ya Tabora, unatibu ugonjwa ambao mara nyingi haupo na kuuacha ule uliopo uendelee kuila mashine taratibu. Nitalieleza hilo kwa kufuata kazi moja iliyofanyika uani kwenye nyumba ya Ipuli. Mashine yenyewe ni ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, aina ambayo familia nyingi huanza nayo kwa kuwa haidai bomba lenye nguvu. Hata ndoo inaijaza.

Mama mwenye nyumba alikuwa na malalamiko matatu. Nguo nyeusi zilitoka na michirizi myeupe. Shuka zilinuka uvundo zikikaa kidogo tu kabatini. Na maji machafu yalitoka polepole mno, kiasi kwamba kabla ya raundi ya pili alikuwa ameshapika chai na kuinywa. Siki alishaimwaga, si mara moja, na hakuona tofauti.

Fundi alianza kwa kuchomoa plagi ukutani. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi, kwa sababu waya unaoingia bado una volti 230 na uwanja wenyewe una maji. Kisha akatoa kifuko cha kukusanya nyuzi, akafungua skrubu ya katikati ya ile sahani ya plastiki inayozunguka chini ya tangi la kufulia, akaing'oa kwa kuinyanyua pande mbili sawasawa ili isipasuke. Chini yake palikuwa na tope la kijivu, zito, lenye utelezi, limeshikamana na nyuzi za khanga, punje za mchanga, pini ya nywele na sarafu.

"Fundi, hiyo si chumvi ya maji?" mama aliuliza.

"Hapana mama, hii ni sabuni yako."

Hakuishia kusema tu. Aliomba aone birika la umeme la jikoni. Ndani, pale chini panapopata moto, palikuwa safi. Hicho ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, na nashangaa kwamba hakitajwi zaidi. Maji yenye chokaa nyingi huacha ukoko mweupe mahali yanapochemshwa. Birika likiwa safi baada ya miezi ya matumizi, siki haina chokaa ya kuyeyusha.

Sababu iko kwenye chanzo cha maji. Kwa muda mrefu Tabora ilitegemea bwawa la Igombe, yaani maji ya mvua yaliyokusanywa juu ya ardhi. Kisha likaja bomba la Ziwa Victoria: mtandao unaoanzia kwenye chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, ambao awali ulihudumia Kahama na Shinyanga, ulirefushwa kupitia Nzega, na Januari 2021 Rais John Magufuli akauzindua mradi wa Tabora, Igunga na Nzega. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo ni mvua inayoangukia ziwani moja kwa moja, haikupita kwenye miamba ya chokaa, kwa hiyo madini yaliyoyeyuka ndani yake ni machache. Ni maji laini. Pwani ni kinyume: kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hutoa maji magumu, na huko siki inapata kazi. Anayetumia kisima Tabora asichukue maneno yangu kama yalivyo, maana visima hutofautiana hata vikiwa jirani. Atazame birika lake.

Kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Chokaa iliyoyeyuka kwenye maji hugeuka kuwa ukoko hasa maji yanapopashwa moto. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ilikuja na injini za mvuke, na kwa injini hizo ukoko ulikuwa adui wa kweli: boila lililojaa magamba hula kuni zaidi kwa mvuke uleule, na chuma chake huungua, hivyo ilibidi lifunguliwe na kuoshwa kila baada ya muda. Mashine ya matangi mawili haina hita. Maji yanaingia baridi na kutoka baridi. Hata ukiipa maji magumu, pahali pa kujengea ukoko ni padogo.

Basi tope lilitoka wapi? Mkono uliozoea kufua kwenye beseni hupima sabuni kwa povu. Povu likiwa kubwa, roho inatulia. Maji laini hutoa povu kwa sabuni kidogo, lakini watu hawapunguzi. Kopo lilelile linajazwa. Tena, poda nyingi madukani zimetengenezwa kwa kufulia kwa mkono, na zimekusudiwa kutoa povu jingi. Ndani ya mashine povu ni kizuizi. Linaweka mto kati ya nguo na nguo, msuguano unaotoa uchafu unapungua, na suuza moja haiwezi kuliondoa. Isitoshe, poda ina viungo ambavyo haviyeyuki vyote kwenye maji baridi, na miezi ya Juni na Julai maji ya asubuhi ya Tabora ni baridi hasa. Kisichoyeyuka huchanganyika na mafuta ya ngozi, nyuzi za pamba na vumbi la kiangazi, kikatua mahali palipotulia kuliko kote: chini ya sahani. Michirizi myeupe kwenye nguo nyeusi ilikuwa vipande vya tope hilo vinavyobanduka.

Uvundo nao ulitoka humohumo. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza kwamba harufu ile ya nguo zilizofuliwa zikakaa na unyevu husababishwa kwa kiasi kikubwa na bakteria aitwaye Moraxella osloensis, anayekula mabaki ya jasho na mafuta kwenye kitambaa na kuacha asidi yenye harufu kali. Mashine inayofungwa kifuniko ikiwa bado na maji inampa mdudu huyo chakula, kivuli na unyevu. Mama alikuwa akiifunika kwa sababu ya vumbi, jambo la busara kabisa kwa nyumba iliyo karibu na njia ya vumbi, ila aliifunika mapema mno.

Sasa usafishaji wenyewe. Fundi alikwangua tope kwa kipande cha plastiki, si kisu, akasugua tangi na mgongo wa sahani kwa brashi ya nailoni. Nilipenda uchaguzi huo. Brashi ya waya hukwaruza plastiki, na kila mkwaruzo unakuwa maskani mapya ya utelezi. Aliporudisha sahani, alijaza tangi maji ya moto kiasi, yale ambayo mkono unaingia lakini hautaki kukaa, akatia kikombe cha magadi ya kufulia. Magadi ni alkali na huvunja mafuta, ambayo ndiyo gundi ya lile tope. Siki ni asidi, na kwa mafuta haisaidii kitu. Maji yanayotokota hayafai hapa, kwani plastiki ya tangi na sili ya mhimili hazikutengenezwa kuyahimili. Mashine ilizungushwa, ikaachwa iloweke, ikazungushwa tena. Haikuwa na nguo wala chembe ya sabuni, lakini povu lilipanda hadi nusu ya tangi. Povu hilo lote lilikuwa sabuni ya zamani.

Baada ya suuza, mama alileta chupa ya dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, aue vijidudu vilivyobaki. Wazo si baya, ila hapo nina ugomvi na namna kazi ilivyokwenda, kwa sababu hakuna aliyemuuliza siki ya mwisho aliimwaga lini, na kwenye karai palepale palikuwa na maganda ya ndimu. Klorini ikikutana na asidi, iwe siki au ndimu, hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Fundi aliitia dawa kwenye tangi lililokwisha kusuuzwa vizuri, kwa hiyo halikutokea la kutokea. Lakini kanuni isiachwe kwenye bahati: anayetumia klorini aitumie peke yake, siku ambayo hakuna asidi iliyoguswa, na mlango uwe wazi.

Tatizo la maji kutoka polepole lilikuwa na vyanzo viwili, na kimoja hakikuwa ndani ya mashine hata kidogo. Mashine nyingi za aina hii hazina pampu. Ukigeuza kitasa cha kutolea maji, unanyanyua kizibo cha mpira, na maji yanashuka kwa uzito wake. Kizibo hicho kilikuwa kimezingirwa na nyuzi. Zilitolewa kwa vidole, na kiti chake kikafutwa, kwa sababu punje moja ya mchanga ikikaa hapo mashine itavuja usiku kucha. Chanzo cha pili: mpira wa kutolea maji ulikuwa umepitishwa juu ya ukingo wa saruji ili usilowanishe baraza. Maji yasiyo na pampu hayapandi. Mpira uliposhushwa ukalala chini hadi kwenye mfereji, tangi lilikauka kwa muda mfupi tu.

Kwenye tangi la kukamulia palikuwa na soksi ya mtoto iliyozama kati ya pipa linalozunguka na ukuta wa nje. Hutokea nguo ndogo zinapowekwa juu bila kile kifuniko cha plastiki cha kuzibana. Fundi alijaribu breki pia: kifuniko kikifunguliwa, pipa lisimame kwa sekunde chache. La nyumba hii lilisimama. Kama linaendelea kuzunguka, kebo ya breki imelegea, na nyumba yenye watoto isilitumie hadi litengenezwe.

Wenye mashine za otomatiki, na Ipuli zinaongezeka, wana mambo yao. La kwanza ni shinikizo. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1, na mashine nyingi huomba angalau baa 0.3 hadi 0.5. Maana yake uso wa maji kwenye simtanki uwe juu ya valvu ya mashine kwa mita 3 hadi 5. Tangi lililowekwa juu ya matofali mawili matatu halifiki, na mashine italalamika: LG huandika IE, Samsung 4E au 4C. Watu huita fundi kubadilisha valvu nzima wakati tatizo ni kimo cha mnara wa tangi. La pili ni wavu mdogo ulio pale mpira wa maji unapoingia kwenye mashine. Maji yakikatika kisha yakarudi, huja na kutu na udongo. Acha koki iteme kwanza ndooni mpaka yawe meupe, ndipo ufungulie mashine. Wavu huo ukiziba, funga koki, fungua mpira, uvute kwa koleo taratibu, uusugue kwa mswaki wa zamani. Usiutupe kwa hasira eti maji yaende kasi, kwa maana mchanga utakaopita utakaa ndani ya valvu yenyewe na kuizuia kufunga.

Kwa zile za mlango wa mbele, kichujio cha pampu kiko nyuma ya kijimlango cha chini, na ndicho kinachomeza sarafu na vifungo. Tandika kitambaa kabla ya kukifungua. Mpira wa mlango ukunjuliwe na kufutwa ndani ya mikunjo, na droo ya sabuni itolewe yote ioshwe. Mashine hizi zina hita, hivyo duru moja tupu ya nyuzi 60 hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kwenye matangi mawili inafanywa na magadi na mkono. Ukigusa bodi yake ukahisi umeme unatekenya, acha usafi, mwite fundi wa umeme akague waya wa ardhi. Kiangazi udongo wa kichanga ukikauka, fito ya ardhi hushika vibaya zaidi.

Mama alibakiwa na swali la sabuni: apime vipi? Fundi alimwambia aanze na nusu ya anachotumia na aangalie maji ya suuza ya mwisho. Yakiwa bado na povu, apunguze tena. Nguo zikitoka na taka, aongeze kidogo, na kola na vikwapa avisugue kwa mkono kabla. Baada ya kufua aache vifuniko wazi mpaka ndani pakauke, ndipo aweke shuka la kuzuia vumbi.

Kazi ya mwisho haikuhusu maji. Mashine ililazwa ubavu, na tumbo lake likaonekana liko wazi: mkanda, mota, waya, na kwenye mpira wa maji alama za meno. Panya hupenda joto la mota na kujificha humo. Fundi alikata wavu wa waya wa banda la kuku, akaukaza kwa skrubu kwenye miguu, akaacha nafasi ya mkanda kuzunguka bila kuugusa.