Mstari mweupe kwenye picha ya jino

Picha ya eksirei ya gego inaonyesha mstari mweupe, mwembamba, unaokatiza mzizi. Daktari anaweza kudhani ni kipande cha chuma kilichokatikia humo wakati wa matibabu, akapiga picha nyingine, na mgonjwa akaongezewa mionzi bure. Lakini mstari huohuo ukijitokeza mahali palepale kwa mgonjwa anayefuata, basi hauko mdomoni mwa mtu. Uko kwenye plati.

Plati ya fosfori, inayowekwa mdomoni kupokea mionzi, ni kifaa kinachoifaa sana kliniki ndogo ya mji kama Keroka: haina waya, ni nyembamba, na hutumika tena na tena. Tabaka lake la chumvi ya bariamu iliyochanganywa na europiamu huhifadhi nguvu ya mionzi. Skana hulipitishia leza nyekundu, nalo hutoa mwanga wa buluu unaogeuzwa kuwa picha. Tabaka likikwaruzwa, mahali hapo hapatoi mwanga, na kwenye picha panatokea peupe, pengine kama jino lililozibwa.

Plati haipikwi kwa mvuke kama koleo za kung'olea meno, kwani joto huiharibu. Kinga yake kuu ni mfuko wa plastiki wa kutumia mara moja, na mfuko huohuo ndio unaozuia mwanga usiifute picha kabla ya kusomwa. Kwa hiyo anayeufungua vibaya hukosea mara mbili.

Tazama mikono ya msaidizi wakati huo. Glavu zina mate. Akiuchana mfuko kwa haraka na kuivuta plati kwa vidole vilevile, mate yanahamia kwenye plati, kisha kwenye skana, kisha kwa mgonjwa mwingine. Ukucha au ukingo wa meza nao unaacha mkwaruzo. Njia sahihi ni kuupangusa mfuko kwa dawa ungali umefungwa, kuuchana, na kuiacha plati iteremke yenyewe kwenye kisanduku safi cheusi bila kuguswa. Ndipo glavu zivuliwe, mikono ioshwe, na plati ipelekwe kwenye skana. Katika vyuo vya meno, watafiti wameotesha bakteria kutoka kwenye plati zilizodhaniwa kuwa safi.

Kisanduku hicho kina faida nyingine ambayo watu wa Keroka, upande wa Kisii na wa Nyamira, wataielewa upesi. Stima ikipotea kabla ya skana kusoma, picha bado imo ndani ya plati. Ikiwekwa gizani itapungua nguvu polepole tu. Ikiachwa dirishani juani itafutika.

Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hukagua mashine za eksirei. Lakini hakuna mkaguzi anayesimama karibu na kila mfuko unapochanwa. Wenye kliniki, wafundisheni wasaidizi wenu hatua hii kwa vitendo, na plati iliyokwaruzwa katikati iondoeni kazini, hata kama bei ya mpya inauma.