Karatasi ya Alama kama Matini: Masomo Yetu Mbele ya Elimu ya Jumla ya Vyuo Vidogo vya Marekani

Mhakiki wa Kiswahili amezoea kusoma utenzi, riwaya na tamthilia. Makala haya yanachunguza matini ya namna nyingine, isiyo na mtunzi wala mashabiki, lakini yenye wasomaji wachache wenye mamlaka makubwa: karatasi ya alama ambayo mwanafunzi wa Kongo huibeba anapohamia katika chuo kidogo cha Marekani ili amalizie huko shahada ya kwanza. Tunauliza msomaji wa kule huona nini ndani ya karatasi hiyo, na kwa nini somo la Kiswahili ndilo linalopoteza jina lake kwanza.

Chuo tunachokizungumzia si chuo kikuu cha utafiti. Ni taasisi yenye wanafunzi elfu moja au mbili, ambayo hutoa hasa shahada ya kwanza na humtaka mwanafunzi akusanye krediti 120 hivi. Baadhi ya krediti hizo ni za fani aliyoichagua, nyingine ni za hiari, na nyingine ni za elimu ya jumla: hata mwanafunzi wa kemia atasoma fasihi, historia, uandishi, na mara nyingi lugha ya kigeni. Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha somo la lazima juu ya ustaarabu wa kisasa. Mwaka 1945 kamati ya Harvard ilitoa ripoti yake mashuhuri kuhusu elimu ya jumla katika jamii huru. Hatuna ugomvi na fikra yenyewe. Aliyesoma fani moja tu ni msomi nusu, na wazee wetu walilijua hilo kabla ya Harvard.

Krediti, kwa upande wake, ina asili isiyo ya kifalsafa hata kidogo. Taasisi ya Carnegie, iliyoanzishwa miaka ya 1905 na 1906 ili kuwalipa maprofesa pensheni, ilidai kwamba chuo kinachotaka kunufaika kiwapokee wanafunzi kwa kuhesabu saa walizosoma katika shule ya sekondari. Vyuo vikazoea kuhesabu kazi yao wenyewe kwa namna ileile. Leo krediti moja ni takriban saa moja ya darasani kwa juma pamoja na saa mbili za kazi ya binafsi, katika muhula wa majuma 15 hivi. Kwa hiyo somo letu la zamani la saa 45 lilikuwa sawa na krediti 3. Hesabu inakubali, ugumu uko kwingine.

Uko kwanza katika alama. Kwetu mtihani husahihishwa juu ya 20. Anayepata 12 amefaulu bila shaka: katika mfumo wa zamani alikuwa katika daraja lililoitwa kwa Kifaransa “satisfaction”, lililoanzia asilimia 50 hadi chini ya 70, na asilimia 70 tayari ilikuwa “distinction”. Profesa anayetoa 16 huzungumzwa kampasi nzima. Sasa mpe karatasi hiyo msomaji aliyezoea kwamba asilimia 60 ni D, na ambaye chuo chake, kama vyuo vingi vya huko, hakipokei somo lililo chini ya C. Ataona kijana aliyeponea chupuchupu. Ndiyo maana vyuo vingi humtaka mwombaji apitie kwanza shirika la tathmini, kama vile World Education Services lililoanzishwa mwaka 1974, ambalo humtafsiria alama zake, kwa malipo bila shaka.

Lakini alama zikishatafsiriwa vizuri, yanabaki majina ya masomo, na hapo ndipo uhakiki wetu unapokazia. Tuchukue somo la “Fasihi Simulizi ya Kiafrika”, saa 45. Mbele yake ipo milango mitatu. Mlango wa fasihi huuliza: zilisomwa matini zipi, ziliandikwa insha ngapi? Karatasi yetu haisemi. Mlango wa lugha ya kigeni mara nyingi umekwisha kufunguliwa na Kifaransa, kwa kuwa katika vyuo kadhaa aliyesoma sekondari kwa lugha isiyo Kiingereza husamehewa sharti hilo. Unabaki mlango wa tatu, wa masomo ya hiari. Somo linaingia huko, linahesabiwa katika jumla ya 120, na halitimizi sharti lolote. Mwanafunzi aliyechambua vitendawili na ngano kwa nadharia anarudi kuketi muhula mzima katika utangulizi wa fasihi, na ada anailipa tena.

Tunavyoona sisi, huko si kunyimwa krediti. Ni kupewa krediti isiyo na jina, na pengine ni vibaya zaidi. Hali inakuwa ya ajabu tukikumbuka kwamba Kiswahili kinafundishwa Marekani kwenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, kwa mfano, mwanafunzi anaweza kuanza na maamkizi na ngeli, na masomo ya namna hiyo huhesabiwa kwa sharti la lugha. Anayeanza lugha ana mahali pake katika elimu ya jumla. Aliyekulia ndani yake, akaisomea chuoni, hana.

Hata hivyo lawama zote zisivuke bahari. Sisi nasi tunayo elimu ya jumla, ijapokuwa hatuiiti hivyo: Elimu ya Uraia, Mantiki na Hoja, Kiingereza, Kifaransa cha kuzungumza na kuandika, Informatiki. Tunayafundisha masomo hayo katika kumbi zilizofurika, tunayaona kama nyongeza ya fani, na mara chache mtu huandika yanahusu nini. Mfumo wa LMD, uliotajwa katika sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 na kuenezwa tangu mwaka wa masomo 2021–2022, umetuletea krediti 60 kwa mwaka na 180 kwa shahada ya kwanza. Tumepokea kipimo; maelezo hatujayaandika. Na kipimo hicho si kile cha Marekani, ambako mwaka mzima una krediti 30. Somo la saa 45 likiandikwa kwetu “3” bila kutajwa saa zake, msomaji wa kule ataigawa 3 hiyo kwa mbili. Mwanafunzi wa mfumo wa zamani angepewa 3, wa mfumo mpya atapewa moja na nusu, na huenda wamefundishwa na profesa mmoja, kwa daftari lilelile.

Idara za Kiswahili zinaweza kuanza na masomo yao wenyewe, bila kungoja wizara. Ukurasa mmoja kwa kila somo unatosha: saa za darasani na za kazi binafsi, matini zilizosomwa, idadi na urefu wa insha, mtihani ulikuwa wa mdomo au wa maandishi, somo lilifundishwa kwa lugha gani, na maana ya 12 juu ya 20. Uandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, utiwe muhuri, uambatishwe na karatasi ya alama. Na kichwa “Lugha ya Kiafrika II”, ambacho hakimwambii msomaji hata ni lugha ipi, kiondolewe.